Maji yenye rangi ya chai, jua na chupa: je, mabaki ya majani husaidia kuua vijidudu?

"Tunatumia maji ya kijito kinachotoka kwenye msitu wenye kinamasi. Hayana tope wala harufu mbaya, lakini yana rangi ya chai hafifu mwaka mzima. Tumekuwa tukiyaanika juani kwa saa sita katika chupa za plastiki zinazopitisha mwanga. Ndugu yetu mmoja aliyesoma sayansi ametueleza kwamba rangi hiyo ni mabaki ya majani yaliyooza, na kwamba mabaki hayo yakipigwa na jua huzalisha kitu kinachoua vijidudu, kwa hiyo maji yetu hutakasika upesi kuliko maji maangavu. Sasa baadhi ya watu wa nyumbani wanataka tutie majani makavu au mboji kidogo ndani ya chupa ili jua lifanye kazi haraka. Mwingine anasema tukamulie ndimu. Je, haya ni kweli? Tuna pia mtoto wa miezi minane ambaye ameanza kunywa maji. Je, maji haya ni salama kwake?"

Ndugu msomaji,

Kwa kuwa kuna mtoto anayesubiri maji, nitatanguliza jibu kisha nitoe sababu zake. Msitie majani, mboji wala udongo ndani ya chupa. Maji ya mtoto yachemsheni. Maji ya watu wazima mnaweza kuendelea kuyaanika, lakini yenye rangi kama mliyoieleza yanahitaji siku mbili za jua badala ya saa sita. Ndugu yenu amesema jambo la kweli kabisa, ila ameliishia njiani, na sehemu aliyoiacha ndiyo inayoamua kama maji ya chupa yenu yamekuwa salama au la.

Tuanze na kazi ya jua lenyewe, kwa maana watu wengi hudhani kwamba chupa inapowekwa juani maji hutakaswa na joto. Joto husaidia, na maji yakifika nyuzi 50 za selsiasi kazi huenda upesi zaidi, kwa sababu joto na mwanga vikikutana huua vijidudu zaidi ya jumla ya kile ambacho kila kimoja kingekiua peke yake. Hata hivyo, chupa nyingi hazifiki joto hilo, na bado maji yake hutakasika. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua katika mchuzi wa maabara, na kwamba kazi hiyo hufanywa na mwanga wala si joto. Miaka mia moja baadaye Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut waliligeuza wazo hilo kuwa njia ya nyumbani, na kuanzia mwaka 1991 taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo EAWAG ikaifanyia majaribio ya kina. Kanuni ya saa sita mnayoifuata imetokana na kazi hiyo.

Miale inayoua ni ile ya urujuanimno, ambayo jicho halioni. Miale mifupi zaidi inayotufikia, ya kundi B, hupiga vinasaba vya kijidudu moja kwa moja na kuviharibu. Miale mirefu zaidi, ya kundi A, haivunji vinasaba kwa urahisi hivyo. Hiyo hufyonzwa na molekuli fulani zilizomo ndani ya seli ya bakteria, na molekuli hizo zikishapata nishati huigeuza oksijeni iliyo karibu kuwa ya aina kali, inayounguza utando, protini na vinasaba vya seli ileile. Kwa maneno mengine, bakteria hubeba ndani ya mwili wake kitu kinachomletea madhara pindi kinapoangazwa. Kumbukeni jambo hili, kwa kuwa plastiki ya chupa za kawaida za maji na soda huzuia karibu miale yote ya kundi B na kupitisha sehemu kubwa ya kundi A. Ndani ya chupa yenu, basi, kazi hutegemea hasa njia hii ya pili inayopitia oksijeni. Virusi havina mitambo ya seli, na vingi havina molekuli hizo za kufyonza mwanga. Ndiyo maana ndani ya chupa virusi huchelewa kufa kuliko bakteria.

Hapa ndipo rangi ya chai inapoingia. Majani, magome na mizizi vikioza, kile kisicholiwa upesi na viumbe wa udongo hubaki kama mchanganyiko wa maelfu ya aina za molekuli, na sehemu yake inayoyeyuka katika maji ndiyo inayoyapa maji ya kinamasi rangi ya manjano au kahawia. Wataalamu huziita molekuli hizo asidi za mboji. Rangi yenyewe si ushahidi kwamba maji yana kinyesi au ugonjwa; maji yenye rangi ya chai yanaweza kuwa na vimelea vichache, na maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa na kipindupindu. Molekuli hizo hufanya nje ya kijidudu kazi inayofanana na ile niliyoieleza ndani ya bakteria: hufyonza mwanga, hupanda nishati, kisha huikabidhi oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Oksijeni inayopokea nishati hiyo huitwa oksijeni singleti, nayo hushambulia protini zilizo kwenye gamba la virusi. Baadhi ya asidi za mboji huzalisha pia haidrojeni peroksaidi kidogo, na hiyo ikikutana na chuma kilichoyeyuka hutoa radikali za haidroksili, ambazo hushambulia karibu kila kitu kilicho hai.

Ndugu yenu, basi, hakubuni jambo. Mwaka 2007 Tamar Kohn na Kara Nelson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kirusi kiitwacho MS2, kinachotumiwa maabara kama mfano wa virusi vya tumboni, huuawa na mwanga wa jua kwa kupitia oksijeni singleti inayozalishwa na mabaki ya asili ndani ya maji. Kabla yao, mwaka 1992, watafiti Curtis, Mara na Silva walikuta kwamba katika mabwawa ya kutibu majitaka uwezo wa jua kuwadhuru bakteria wa kinyesi ulitegemea asidi za mboji, oksijeni na hali ya maji kuwa na magadi kiasi. Katika mabwawa na maziwa jambo hili lina uzito mkubwa, na mimi binafsi naliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri zaidi katika fani yetu: maji yaliyoachwa wazi, yenye kina kifupi na jua la kutosha, hujisafisha kwa kiasi fulani kwa kutumia mabaki ya mimea iliyokufa.

Lakini oksijeni singleti ina maisha mafupi mno. Ndani ya maji hudumu takriban mikrosekunde 4, kisha hurudi kuwa oksijeni ya kawaida, na katika muda huo huwa imesafiri umbali mdogo kuliko urefu wa bakteria mmoja. Haizunguki chupa nzima ikitafuta vijidudu. Ni lazima izaliwe pembeni kabisa ya kijidudu ndipo imguse, na kwa hiyo mabaki yanayogandamana na gamba la virusi hufanya kazi kubwa kuliko yanayoelea mbali nalo. Hata inapofika, si kila kijidudu kinachoumia sawasawa. Bakteria wa utumboni aitwaye E. koli ana utando wa nje unaomkinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya shambulio linalotoka majini, ilhali enterokoki, bakteria mwingine wa utumboni ambaye hana utando huo, huumia zaidi. Kwa E. koli na jamaa zake, wakiwamo wengi wanaoleta kuharisha, mwanga unaoingia ndani ya seli zao wenyewe una umuhimu zaidi kuliko rangi ya maji.

Mwanga huohuo ndio unaozuiwa na rangi. Molekuli ya mboji haiwezi kuzalisha oksijeni kali bila kwanza kuufyonza mwanga, na mwanga iliyoufyonza haufiki tena kwa bakteria aliye chini yake. Nitatumia hesabu ndogo. Tuseme maji yana rangi kiasi kwamba kila sentimita 3 hula nusu ya miale ya urujuanimno. Chupa iliyolazwa ina unene wa sentimita 9 hivi. Baada ya sentimita 3 imebaki nusu, baada ya 6 robo, na chini kabisa imebaki sehemu moja kati ya nane. Mkipiga wastani wa chupa nzima, vijidudu vinapata takriban asilimia 42 ya mwanga ambao vingepata katika maji maangavu. Ili kufikia kipimo kilekile cha mwanga, saa sita zinakuwa zaidi ya saa kumi na nne, yaani siku mbili. Hapo ndipo nilipoutoa ushauri wangu wa mwanzo. Ni kweli kwamba mabaki yaliyoufyonza mwanga huo yanarudisha sehemu ya faida kwa kuzalisha oksijeni kali, hasa dhidi ya virusi, lakini siwezi kuwaambia muihesabu faida hiyo kama saa za jua, kwa sababu inabadilika kati ya kijito na kijito na kati ya kijidudu na kijidudu. Kivuli kipo wakati wote. Msaada hauna uhakika huo.

Hapa pia ndipo tofauti kati ya bwawa na chupa inapoonekana. Bwawa lina siku nyingi za kufanya kazi, linapata miale ya kundi B isiyozuiwa na plastiki, upepo unayachanganya maji yake usiku na mchana, na hakuna anayekunywa jioni ya siku hiyohiyo. Chupa yenu ina saa chache, na jioni inaingia kinywani. Matokeo yaliyopatikana katika bwawa hayawezi kuhamishiwa chupani bila kupungua.

Sasa kuhusu kuongeza majani au mboji. Hata kama faida ingekuwa kubwa, mboji na udongo vina vijidudu vyake, na mara nyingi vina kinyesi cha wanyama. Mkivitia katika maji ya kunywa mtakuwa mmeongeza ugonjwa ili muutibu. Vipande vidogo vya udongo huyafanya maji kuwa na ukungu, na kijidudu kilichojibanza ndani ya punje ya udongo hakifikiwi na mwanga wala na oksijeni kali. Majani makavu yaliyolowekwa hutoa rangi haraka, lakini rangi hiyo mpya ina kampaundi nyingi za jamii ya zile za chai halisi, ambazo kwa asili yake huzima ukali wa oksijeni badala ya kuuchochea. Nazo asidi za mboji zenyewe ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya radikali za haidroksili kabla hazijakifikia kijidudu chochote. Zaidi ya hayo, majani yanayooza hula oksijeni iliyomo majini, na bila oksijeni njia yote niliyoieleza inasimama. Sioni hata upande mmoja ambao wazo hili linamfaidi mnywaji.

Ndimu ni habari nyingine, na aliyeitaja nyumbani kwenu huenda amesikia jambo lenye msingi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba maji ya ndimu yakiongezwa kwenye chupa ya kuanika juani, E. koli hufa upesi zaidi kuliko kwa jua peke yake. Sababu si asidi pekee. Ndimu ina kampaundi ziitwazo psoraleni, ambazo hujipenyeza katikati ya vinasaba na kuvifunga pamoja pale zinapopigwa na miale ya kundi A. Ni hizohizo zinazomfanya mtu aliyekamua ndimu juani bila kunawa apate madoa na malengelenge mikononi, na naomba mlikumbuke hilo mkiwa na ngozi ya mtoto karibu. Majaribio hayohayo yalionyesha kwamba virusi vya jamii ya nurovirusi, iliyo miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuharisha na kutapika, havikupungua kwa namna hiyo. Mkipenda ladha ya ndimu, kamulieni bila nyama wala mbegu, lakini msipunguze muda wa jua hata saa moja kwa sababu yake.

Kwa watu wazima wa nyumbani kwenu, mimi ningefanya hivi. Maji yakitoka kijitoni, yaacheni yatuame usiku kucha katika chombo chenye mfuniko, kisha yamimineni taratibu bila kuyatibua mashapo, mkiyachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Jaribuni kama yana ukungu: simamisheni chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na mtazame kutokea juu, kupitia mdomo wa chupa hadi chini. Kama herufi kubwa hazisomeki, maji hayo hayafai kuanikwa kabla ya kuchujwa tena. Kwa rangi, lazeni chupa hiyo juu ya karatasi nyeupe kando ya chupa ya maji maangavu. Kama tofauti ya rangi inaonekana, hesabuni siku mbili kamili. Kama maji yanafanana na chai iliyokolea, msitumie jua kabisa, kwa kuwa jicho huona sehemu ndogo tu ya kivuli. Katika miale ya urujuanimno maji hayo ni meusi zaidi kuliko yanavyoonekana.

Tumieni chupa zisizo na rangi, zisizokwaruzika, za lita mbili au chini yake. Jazeni robo tatu, funikeni, mtikise kwa nguvu kwa sekunde 20 ili hewa iingie majini, kisha jazeni hadi juu. Mkishaelewa kazi ya oksijeni mtaona kwa nini hatua hii, ambayo watu wengi huiruka, si ya mapambo. Lazeni chupa, msizisimamishe, mahali ambapo kivuli hakitapita, na ikiwezekana juu ya bati, ambalo huongeza joto na kurudisha mwanga. Kwa maji yenye rangi naongeza jambo moja: zigeuzeni chupa mara kadhaa kwa siku, ili maji ya chini yapande juu kwenye mwanga. Unene nao una maana kubwa. Katika mfano wangu, chombo chenye kina cha sentimita 3 kingepata wastani wa asilimia 72 badala ya 42, kwa hiyo chupa ndogo nyembamba huyafaa maji yenu kuliko chupa pana. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, hata maji maangavu huhitaji siku mbili. Kwa maji yenye rangi katika siku kama hizo, na siku za mvua mfululizo, acheni njia hii na mchemshe.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaitaji, nayo inahusu maji yenye rangi hasa. Jua linapozipiga molekuli kubwa za mboji huzikatakata kuwa vipande vidogo. Ndiyo maana mtaona rangi ikififia kidogo baada ya siku kadhaa. Vipande hivyo ni chakula chepesi kwa bakteria. Kama jua halikutosha na bakteria wachache wamejeruhiwa bila kufa, gizani wanaweza kujitengeneza upya na kukuta meza imeandaliwa. Kwa hiyo kunyweni maji hayo ndani ya saa 24, myamimine kutoka chupa ileile iliyoanikwa moja kwa moja kwenye kikombe safi, na msiyahamishie kwenye mtungi ambao watu hutumbukiza mikono au vikombe.

Je, ziko njia bora kuliko jua kwa maji ya namna hii? Nadhani zipo, na ni haki yenu kuambiwa. Kuchemsha hakujali rangi wala ukungu: maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika moja, au dakika tatu katika miinuko ya juu ya mita 2,000, bakteria, virusi na vimelea kama Kriptosporidiamu hufa. Huyu wa mwisho huvumilia jua kwa muda mrefu kuliko bakteria, na klorini ya nyumbani karibu haimgusi. Gharama ya kuchemsha ni kuni au mkaa na muda wa mtu, na siidharau gharama hiyo. Klorini ni rahisi, lakini mabaki yaleyale ya majani huimeza kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwa maji maangavu huenda kisitoshe. Kwa maji yenye ukungu au rangi maelekezo mengi husema kipimo kiongezwe mara mbili, na uthibitisho ni kupima klorini iliyobaki baada ya dakika 30, ambayo haipaswi kupungua miligramu 0.2 kwa lita. Klorini ikikutana na mabaki hayo hutengeneza pia kampaundi ziitwazo trihalomethani, zilizogunduliwa katika maji ya mabomba mwaka 1974, lakini Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba kuzihofia kusiwe sababu ya kuacha kuua vijidudu, nami nakubaliana nalo. Chujio zuri la kauri au la mchanga hupunguza vimelea vikubwa na bakteria, ila virusi vingi hupita. Shabu huvuta chini ukungu na sehemu ya rangi, na ni matayarisho mazuri kabla ya jua au klorini ikiwa mnajua kipimo chake. Mbegu za mlonge hutuliza ukungu pia, lakini zikitumiwa zikiwa ghafi huacha majini mabaki yake yenyewe, ambayo baada ya siku moja au mbili huwalisha bakteria.

Njia ya jua ina udhaifu mwingine usiotokana na kemia. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimasai nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 ulikuta kuharisha kumepungua kwa waliokunywa maji yaliyoanikwa. Mwaka 2009 utafiti mkubwa wa vijijini nchini Bolivia haukuonyesha upungufu ulio wazi, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba karibu theluthi moja tu ya walengwa ndio walioonekana kuitumia njia hiyo sawasawa. Siku anapokunywa mtu maji ya kijito kwa sababu chupa hazikuanikwa jana, faida ya wiki nzima inaweza kupotea. Kwa hiyo kama mnahitaji siku mbili kwa kila chupa, hesabuni chupa za kutosha kwa zamu tatu: zinazonywewa leo, zilizo katika siku ya pili ya jua, na zilizoanza leo. Mkiona hesabu hiyo haiwezekani kwa idadi ya watu mlio nao, ni heri mchague kuchemsha au klorini kuliko kuanika nusunusu.

Sasa niseme kuhusu mtoto. Kwa mtoto wa miezi minane sitakushauri utegemee jua juu ya maji yenye rangi, hata kwa siku mbili, kwa sababu kuharisha kunakompa mtu mzima usumbufu wa siku moja kunaweza kumkausha mtoto maji mwilini katika saa chache. Yachemshe maji yake ya kunywa na ya kutayarishia uji, yapoze yakiwa yamefunikwa, na uendelee kumnyonyesha. Ushauri huohuo ni kwa mjamzito, mzee sana, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili imepungua. Kama mtoto anaharisha sasa, mpe maji ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini yaliyotayarishwa kwa maji yaliyochemshwa, na umpeleke kituo cha afya bila kungoja ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, analia bila machozi, anatapika kila anachopewa, au amelegea na hataki kunyonya.

Mambo mengine hayamalizwi kwa barua. Jua haliondoi floridi, risasi, zebaki, nitrati, dawa za mashamba wala mafuta, na kuchemsha hakuyaondoi pia. Kama juu ya kijito chenu kuna machimbo, kiwanda, karakana au mashamba yanayopuliziwa dawa, au kama maji yana harufu ya mafuta, ladha ya chuma kali au utando wa rangi, onaneni na idara ya maji au ya afya ya mazingira ya eneo lenu kabla ya kuendelea kuyatumia. Ukiona ukoga wa kijani au wa buluu unaoelea kama rangi iliyomwagika, acheni kabisa kuchota hapo, kwa kuwa baadhi ya sumu zake huvumilia hata kuchemshwa. Na hata kama dalili hizi hazipo, ningependa sampuli mbili zipelekwe maabara, moja ya kijito na moja ya chupa iliyokaa siku mbili juani, zipimwe E. koli. Zichukuliwe katika chupa safi zilizotolewa na maabara yenyewe, ziwekwe kwenye ubaridi na zifike siku hiyohiyo. Waambieni pia wapime rangi na uwezo wa maji kupitisha miale ya urujuanimno, kwa sababu kwa namba hiyo moja mtaalamu wa hapo mlipo ataweza kuwaambia kama siku mbili nilizowapa zinatosha kwa maji yenu au zinapungua.